Dakika Tano za Mwalimu Breki

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, na aliyepanda naye gari hata mara moja hakuhitaji kuelezwa sababu. Gari la kufundishia lilikuwa na pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, na kwa miaka ishirini na saba mguu wake wa kulia ulikuwa umehamia juu ya hiyo ya pili. Aliikanyaga hata kuku akiwa bado ndani ya ua wa mwenye kuku. Mkewe alisema mguu ule haupumziki hata usingizini, unasukuma shuka mpaka linachomoka kwenye godoro.

Alikuwa na miaka sitini na miwili, na mitatu ya mwisho alikuwa ameishi na moyo mgonjwa. Mshipa mmoja unaoulisha moyo damu ulikuwa umebana. Akipanda ngazi kwa pupa, au akisaidia kusukuma gari lililozimika, kifua kilimkaza kama mtu aliyefungwa mkanda kisha akaongezewa tundu moja. Hapo husimama, hutoa mfukoni chupa ndogo ya dawa, hujipulizia chini ya ulimi, na baada ya dakika mbili tatu mkanda hulegea. Siku inaendelea.

Daktari wa kliniki alikuwa amempa maelezo yaliyonyooka. "Puliza mara moja, ukae chini. Dakika tano zikipita na bado kunauma, puliza mara ya pili. Tano nyingine zikipita, usimwulize mtu, njoo hospitali. Na siku ikikushika umekaa tu, hujafanya kazi yoyote, au ukiona inakujia mara nyingi kuliko ulivyozoea, hiyo si ile yako ya kawaida. Usiizoee. Njoo."

Mwalimu Breki aliyapenda maelezo hayo kwa sababu yalifanana na sheria za barabarani. Aliyakariri siku ileile. Lakini wanafunzi wake nao walikariri sheria zote, na bado kila wiki kulikuwa na mtu wa kuzuiwa asiingie mbele ya lori.

Jambo lililomharibia lilitokea Jumapili moja, miezi minne nyuma. Walikuwa wamealikwa chakula cha mchana kwa mdogo wake, fundi wa majokofu, mtu mnene wa kucheka kwa mwili mzima. Katikati ya maongezi kifua kikaanza. Alipuliza, hakikuisha. Akapuliza tena. Mkewe ndiye aliyesimama akasema, "Hapana, leo hatukai. Twendeni." Wakaondoka wote, na shemeji, na watoto, na jirani mwenye gari, wengine bado na vijiko mkononi. Hospitali wakampima moyo, wakampima damu, wakamweka kitandani kwa muda wa saa nne, kisha daktari akasema kwa upole kwamba moyo uko kama ulivyokuwa, na kwamba hiyo ilikuwa gesi ya tumbo.

Tangu siku hiyo mdogo wake hakumsalimu tena kwa jina. "Habari za mitambo ya gesi, kaka?" Watoto wakaidaka. Kwenye kundi la familia la simu mtu akituma picha ya mtungi wa gesi, wote wanacheka. Mwalimu Breki naye alicheka, maana asipocheka ataonekana ana kinyongo, lakini moyoni alikata kauli: hatawatoa tena watu kwenye chakula chao. Siku nyingine atakapokwenda hospitali, atakuwa na uhakika.

Basi ikaja wiki ile.

Jumatatu kifua kilimshika kwenye ngazi za ofisi ya leseni, akasema, kawaida. Jumanne kilimshika mara mbili. Jumatano kilimshika akinyoa ndevu mbele ya kioo, akajieleza kwamba kuinua mikono nako ni kazi. Alhamisi kilimjia amekaa mezani na kikombe cha chai, hana alichoinua zaidi ya kikombe. Akasema pengine alilala vibaya. Kila kilipomshika nyumbani alikwenda chooni, akafungulia bomba la maji ili mkewe asisikie ile sauti ndogo ya chupa, akapuliza, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa mpaka pakatulia. Kisha akatoka amejikaza, akiuliza kama kuna mtu ameona miwani yake.

Ijumaa, saa nne asubuhi, alikuwa na somo na Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mshonaji wa magauni ya harusi. Alikuja darasani na futi ya kupimia ikining'inia shingoni na pini tatu kwenye kola, kwa sababu alizisahau hapo. Alitaka kujua kuendesha ili apeleke magauni yake mwenyewe. Alikuwa amechoka kuyaona yakifika kwa bibi harusi yamekaliwa. Alishafeli mtihani mara mbili, zote mahali pamoja, kwenye mzunguko mkubwa ambapo barabara nne zinakutana. Mara ya pili mtahini aliandika: "Anasubiri kupita kiasi."

"Leo hatuendi kwenye mzunguko," Mwalimu Breki alimwambia alipokuwa akifunga mkanda. "Leo tutazungukazunguka huku nyuma ya maghala, tutulize mikono. Lakini sheria yake nitakuambia mpaka uiote."

"Niambie, Mwalimu."

Akaisema kama alivyowaambia wanafunzi wote, kwa pumzi moja, akipiga dashibodi kwa kidole: "Punguza mwendo, tazama wanaokuja, shika gia ya pili, aliye ndani ana haki, wewe uliye nje huna haki ila subira, na nafasi ikipatikana uingie bila kuomba radhi!"

Fundi akacheka. Wakaondoka.

Barabara ya nyuma ya maghala ilikuwa pana na tupu. Upande mmoja kuta ndefu za bati, upande mwingine mtaro na majani. Fundi aliendesha vizuri. Alibadilisha gia bila kukwaruza, akarudi kinyumenyume kati ya mapipa mawili, akapiga indiketa hata pasipo na mtu wa kuiona. Mwalimu Breki alikuwa amekaa, mikono mapajani, mguu pale pale penye breki. Hakuna alichokuwa akifanya. Hapo ndipo mkanda ulipomkaza.

Safari hii haukukaa kifuani tu. Ulipanda mpaka kwenye taya, kama meno ya chini yameshikwa na mtu, na mkono wa kushoto ukawa mzito. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, jembamba na la baridi, na dirisha lilikuwa wazi.

"Kata kushoto," alisema.

Fundi akakata kushoto. Akamtazama mara moja, akarudisha macho barabarani, kisha akapiga indiketa, akapaki kando ya ukuta wa ghala, akavuta hendibreki na kuzima gari.

"Sijakwambia usimame," Mwalimu Breki alisema.

"Najua."

"Katika mtihani hilo ni kosa."

"Mwalimu, unaumwa."

"Ni kawaida yangu. Nina dawa." Akaitoa chupa, akapuliza, akaegemea kiti. "Dakika tano. Itaisha. Wewe nieleze taratibu za kuegesha kwenye mteremko."

Fundi alitazama saa ya mkononi, akashusha vioo vyote vya gari. Wakakaa. Mlinzi wa ghala, mzee mwenye kofia ya sufu, aliwatazama kutoka kwenye kiti chake, akapunga mkono, akaendelea na redio yake.

"Inaisha?" Fundi aliuliza.

"Imepungua."

"Imepungua au unanipa moyo?"

Dakika zilipofika tano Mwalimu alipuliza mara ya pili, bila kumtazama.

"Hii ya pili ndiyo huwa inamaliza," alisema. "Tukitulia kidogo, turudi shuleni taratibu. Nikipumzika ofisini, saa nane nina mwanafunzi mwingine. Huyo ana mtihani Jumatatu."

"Mwalimu," Fundi alisema, "mimi nina pumu tangu nikiwa na miaka sita. Huo uso ninaujua."

"Uso gani?"

"Wa mtu anayebishana na mwili wake." Aligeuka kwenye kiti amtazame vizuri. "Nikwambie kitu. Mwaka juzi nilikuwa nashona gauni, limebaki mkono mmoja. Pumu ikanibana tangu asubuhi. Nikajiambia, nimalizie mkono. Nikavuta dawa yangu, nikashona. Nikavuta tena, nikashona. Dada yangu ananiuliza, uko sawa? Namwonyesha dole gumba, maana kusema siwezi. Nilimaliza ule mkono, Mwalimu. Ulikuwa mzuri sana. Nikaanguka juu yake. Dada yangu anasema midomo ilikuwa imepiga rangi kama wino."

"Pole sana."

"Sisemi kwa ajili ya pole. Kilichoniponza ni kwamba nilikuwa naujua ugonjwa wangu. Kila aliyeniambia kitu nilimjibu, mimi ndiye ninayeujua. Na kweli ninaujua. Lakini siku umenibana ni mimi huyohuyo ninayeamua, na ninaamua nikiwa sina hewa kichwani. Sasa nimejiwekea kipimo. Nikishindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, sijadiliani na mtu. Nakwenda."

"Mimi naongea vizuri."

"Basi sema ile sheria ya mzunguko. Yote, kama ulivyoisema asubuhi."

Mwalimu Breki alimkazia macho. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumpa mtihani. Alijiweka sawa, akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Punguza mwendo, tazama wanaokuja," alisema, na pumzi ikamwishia. Akameza mate. "Shika gia." Akavuta nyingine. "Ya pili."

Kile kidole kilibaki juu ya dashibodi kama kitu cha mtu mwingine.

"Ngapi sasa?" aliuliza.

"Tano za mara ya pili zimepita. Hii ya sita."

"Inaweza kuwa gesi," alisema kwa sauti ya chini, na hapo akamweleza. Jumapili ile, vijiko mkononi, mitambo ya gesi, picha ya mtungi. Aliieleza kwa vipande, akipumzika katikati, na Fundi alimsikiliza huku tayari ameshapiga namba ya dharura, simu ikiita sikioni.

Sauti ya simu ilikuwa ya mtu mwenye adabu na kazi nyingi. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mgonjwa mwingine, litawafikia baada ya dakika arobaini, pengine zaidi. Je, wana usafiri? Kama wana usafiri waje, asitembee, asiendeshe yeye, akae kitako.

Fundi alishuka akamkimbilia mlinzi kumwuliza kama anajua kuendesha. Mlinzi alisema kwa masikitiko kwamba hata baiskeli ilimshinda. Akarudi, akaingia, akafunga mkanda.

"Hospitali ni dakika kumi kutoka hapa," alisema.

"Huna leseni."

"Nina kibao cha kujifunzia mbele na nyuma, na nina mwalimu pembeni. Sheria inasemaje?"

"Inaruhusu," alikiri.

"Haya. Na kama ni gesi, mimi nitakuwa nimejifunza barabara ya hospitali. Nakudai somo la saa nzima, bado."

Akawasha gari.

Mwalimu Breki alipokuja kusimulia baadaye, hakukumbuka sana maumivu ya njia ile. Alikumbuka kwamba Fundi aliendesha mwendo wa wastani, mikono yote miwili kwenye usukani, na kwamba hakumwuliza hata mara moja kama anaendeleaje. Alimwambia tu anachofanya. "Naingia barabara kuu. Naweka gia ya tatu. Mbele kuna pikipiki, naipisha." Ilimtuliza. Kwa miaka ishirini na saba yeye ndiye aliyekuwa akisema maneno hayo.

Kisha mbele yao likatokea lisiloepukika, mzunguko mkubwa, na malori ya mchanga yamefuatana kama shanga.

Fundi akasimama kwenye mstari. Lori likapita. Basi likapita. Nafasi ikaja, ndogo, ikapita. Nyuma yao mtu akapiga honi. Mwalimu Breki aliona pini zikitetemeka kwenye kola yake.

"Sasa," alisema Mwalimu.

Gari likanguruma, likajivuta, halikwenda.

"Mwalimu," Fundi alisema kwa meno yaliyobana, "toa mguu."

"Nimetoa."

"Hujatoa."

Akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeikandamiza breki mpaka mwisho. Hakuwa amejua. Ilibidi auondoe kwa kushika suruali kwenye goti na kuuvuta, kama mtu anayehamisha kiti, na alipouvuta gari likaruka mbele, Fundi akalidaka, akaingia kati ya lori na teksi, akazunguka, akatoka upande wa pili. Dereva wa teksi aliwaonyesha ngumi. Hawakuwa na muda naye.

Mapokezi ya dharura yalikuwa na kaunta ndefu na muuguzi wa kiume nyuma yake, kalamu sikioni. Wahudumu walimleta Mwalimu Breki kwa kiti cha magurudumu kutoka mlangoni, na mara tu muuguzi alipomwuliza tatizo, akaanza.

"Aa, nimepita tu, kijana wangu. Kifua kidogo. Huwa ninacho. Kama mna wagonjwa wengine, mimi naweza kungoja."

Fundi alisogea mbele ya kiti. "Ana ugonjwa wa moyo, miaka mitatu," alisema. "Kifua kimemshika amekaa, hajafanya kitu. Kimepanda kwenye taya na mkono wa kushoto. Ametokwa jasho la baridi. Amepuliza dawa mara mbili na haijaisha, sasa yapata nusu saa. Hawezi kumaliza sentensi." Akavuta pumzi. "Na nadhani wiki hii nzima amekuwa akiumwa anaficha. Hilo hajaniambia, lakini mwulizeni."

Muuguzi aliitoa kalamu sikioni. "Asante, mama," alisema, na tayari alikuwa anasukuma kiti.

Walimvua shati, wakambandika waya kifuani, wakamtoa damu, wakampa vidonge atafune. Daktari wa zamu, msichana mdogo kuliko binti yake wa mwisho, alisimama akiusoma ule ukanda mrefu wa karatasi, akaurudia tangu mwanzo. Mwalimu Breki alimtazama usoni akitafuta dalili za gesi.

"Baba," daktari alisema, akivuta kiti akakaa karibu naye, "ule mshipa umebana zaidi, na damu imeanza kuganda pale pale. Haujaziba wote. Tutakupa dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda, utalala kwetu, na kesho kutwa tutakupeleka wakaupanue."

"Kwa hiyo si gesi."

"Si gesi."

Alishangaa kujisikia nafuu. Kisha akaona haya kwamba amejisikia nafuu kwa habari mbaya. Akamweleza daktari habari za ile Jumapili, na jinsi watu walivyotolewa mezani bure.

Daktari alifungua faili, akatafuta. "Nimeiona. Ulipuliza mara mbili, haikuisha, ukaja. Ulifanya sawasawa."

"Lakini haikuwa kitu."

"Ilijulikana kwamba si kitu baada ya kupimwa. Ukiwa mezani na kijiko mkononi usingeweza kujua. Hata mimi nisingejua. Kifua chako hakina dirisha, baba, ndiyo maana tuna hizi waya." Akafunga faili. "Ukija mara kumi na mara tisa ikawa gesi, mimi nitakupokea mara zote kumi. Atakayekucheka, mlete nimpime yeye."

Mkewe aliwasili baada ya saa moja. Fundi ndiye aliyempigia simu, akamngoja mlangoni, akamkabidhi shati, miwani na ufunguo wa gari, kisha akaaga, kwa sababu dawa yake mwenyewe ilikuwa imebaki kwenye mkoba dukani kwake, na alijua kipimo chake. Alirudi kwa miguu. Gari alisema hataligusa tena bila mwalimu.

Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, karani wa maktaba, aliyezoea kusema kwa sauti ya chini hata sokoni. Aliketi kando ya kitanda, akamshika mkono usio na sindano. Kisha akaitoa mfukoni mwa shati ile chupa, akaitikisa sikioni mwake.

"Hii niliichukua mimi duka la dawa," alisema. "Wiki mbili zilizopita. Ilikuwa imejaa."

Mwalimu Breki alitazama dari.

"Mama watoto, sikutaka kukutia wasiwasi."

"Nilikuwa nasikia bomba."

Akageuza kichwa amtazame.

"Mtu anaingia chooni, anafungulia bomba, anakaa dakika tano, anatoka mikono mikavu," alisema mkewe. "Jumanne mara mbili. Jumatano. Jana. Nilisimama nje ya mlango jana. Nilitaka kugonga."

"Mbona hukugonga?"

Aliupanga ukingo wa shuka. "Ile Jumapili ni mimi niliyesema twendeni. Shemeji alipoanza maneno yake ya mtungi, kila aliyecheka alikuwa ananicheka na mimi. Mke mwenye kiherehere, hajui kutofautisha moyo na tumbo. Nikasema, safari hii nitangoja aseme mwenyewe. Nikangoja. Siku tatu nimengoja, nasikiliza maji. Na kama si yule mshonaji..."

Mwalimu Breki alikuwa amedhani anajificha peke yake mle chooni. Kumbe walikuwa wawili, mmoja kila upande wa mlango, wote wakiogopa kuchekwa na mtu mmoja mnene anayewapenda.

"Nilikosea," alisema hatimaye.

"Tulikosea," alisema mkewe, na akajifuta macho kwa ukingo wa lile shuka la hospitali.

Huyo mtu mnene alikuja jioni na matunda. Alisimama mlangoni, akaona waya, akaona mashine, akafungua mdomo kwa mazoea, "Kaka, mitambo..." Shemeji yake, yule karani wa maktaba ambaye hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alimpa vidonge vyake hapohapo, mbele ya wagonjwa sita na wageni wao. Alimwambia kila kitu, na bomba akalitaja. Mdogo mtu akabaki ameshika matunda kifuani. Kisha akakaa sakafuni, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha, akalia kama mtoto, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwomba achukue leso yake.

Kesho kutwa yake walimpeleka Mwalimu Breki kwenye chumba chenye baridi, wakapitisha waya mwembamba kupitia mshipa wa mkono mpaka moyoni, wakapanua pale palipobana. Alikuwa macho wakati wote. Alijaribu kuwaelekeza.

Siku aliporuhusiwa, muuguzi alikuja na karatasi na kukaa na wote wawili. Mwalimu Breki alidhani ataambiwa tena yale anayoyajua. Lakini muuguzi alimgeukia mkewe. "Mama, wewe unaonaje dalili zake kabla yeye hajasema?" Mkewe akafikiri. Akasema huwa anaacha kubisha. Siku akikubali kila kitu, ujue kifua kinauma. Muuguzi akaandika hilo hilo, neno kwa neno, chini ya zile dakika tano, na akaongeza kwamba mmoja wao akisema twende, basi mwingine anachukua viatu. Ubishi watafanyia njiani.

"Na kitu kingine," mkewe alisema, akimtazama mumewe wala si muuguzi. "Mimi sitamwuliza kutwa nzima kama anaumwa. Najua inamchosha. Lakini na yeye aniambie bila kuulizwa, hata kama ni kidogo. Hata kama ni bure."

"Nitakuambia," alisema Mwalimu Breki.

Lifti ilikuwa mbovu siku hiyo, wakashuka kwa ngazi pana za upande wa bustani, polepole, yeye ameshika chuma cha ukutani, mkewe amebeba mfuko wa nguo. Kwenye kituo cha kwanza cha ngazi alisimama. Watu walipita wakipanda na kushuka. Mkewe naye akasimama, ngazi moja chini yake. Midomo yake ilifunguka, akaifunga. Akatazama nje, kwenye bustani, ambako mtu alikuwa akimwagilia majani.

Mwalimu Breki alikisikiliza kifua chake. Alikisikiliza kwa haki, kama anavyosikiliza injini ya gari la mtu mwingine, bila kutaka iwe nzima na bila kutaka iwe mbovu.

"Ni magoti," alisema. "Siku sita kitandani. Kifua kimetulia."

"Haya," alisema mkewe, na akampa upande mmoja wa mfuko aushike.